Kadi Iliyosahau Namba Yake

Nimefunga mitandao katika majengo mengi ya Maskati, na sitajifanya mnyonge, nimeifunga vizuri. Nikitoka Ansab kwenda mjini naweza kunyoosha kidole dirishani: hili langu, hili langu, na lile la vioo vya buluu ni langu kuanzia chini mpaka paa. Nilifika nchi hii na begi moja na diploma ya ufundi wa kompyuta, niliyoisomea jioni Dar es Salaam huku mchana nikiuza vocha za simu juani. Watu wetu husema "tulirudi" Omani, hata sisi tuliozaliwa Unguja, na mimi nilirudi hivyo hivyo, katika nchi ambayo sikuwahi kuitia machoni. Hakuna aliyenishika mkono. Leo nina karakana yangu, na diploma imetundikwa mahali ambapo mteja akikaa, atake asitake, ataisoma.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kubabaishwa na kompyuta. Nimezifungua nyingi mno. Na bado ipo kadi moja ya mtandao, nzee, ya aina isiyotengenezwa tena, ambayo nikiikumbuka huwa nasahau nilichokuwa nikisema.

Kadi hiyo iko Mabela, pembezoni mwa Maskati, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Anakaa na mwanawe na mkwewe, na chumba cha chini, kile cha karibu na lango, ndicho chake cha kazi. Hudarizi kofia. Zamani kwa mkono, kama walivyodarizi wenziwe wote, lakini kwa miaka mingi sasa ana mashine, dude kubwa la chuma lenye sindano zilizopangwa mstari mmoja. Shangazi huchora ua lake kwenye kompyuta, kompyuta hulipeleka kwenye mashine kwa waya wa mtandao, na mashine hulishona. Michoro yote ni ya kichwa chake mwenyewe. Nimekutana na watu harusini wamevaa maua yake na hawajui ya nani, nami huwaambia, hata wasipouliza.

Mashine hiyo ina tabia moja mbaya. Kila kadi ya mtandao duniani hutoka kiwandani na namba yake, na hakuna mbili zenye namba moja. Aliyemuuzia shangazi mashine aliifunga isipokee mchoro wowote ila kutoka kwenye kadi yenye namba ile moja aliyoileta yeye. Ni kufuli, tuseme, ili usiende kununua kompyuta kwa mwingine. Kisha mtu mwenyewe akafunga duka na kuondoka nchini, kufuli likabaki. Kompyuta ilipochoka na mfumo wake wa awali niliiwekea Linux, mfumo wa bure, nikaandika mwenyewe kiprogramu cha kupeleka michoro, na ikafanya kazi kama mpya. Lakini kadi niliiacha ile ile. Bila kadi ile, mashine ni chuma tu.

Siku moja kiyoyozi kilivuja. Maji yalidondokea kompyuta asubuhi nzima pasi na mtu kujua, maana shangazi alikuwa kwa daktari wa macho. Kompyuta yenyewe ilikauka ikawaka. Kadi haikuitika.

Niliitwa Jumatano baada ya adhuhuri. Mlangoni nilikutana na binamu yangu, mwana wa shangazi, mtu wa wizarani, mwenye digrii mbili za nje na saa ya mkono inayopima mapigo ya moyo.

"Fundi umefika," akasema. "Lakini hii si ya kutengeneza tena. Hii ni ya kusomewa hitma."

"Hitma soma wewe mwenye digrii mbili. Mimi niachie walio hai."

Akacheka, ila hakuwa anatania. Alikuwa ameshazungumza na mtu wa Barka anayenunua mashine za zamani kwa ajili ya vipuri, naye angekuja na pikapu Alkhamisi asubuhi. Chumba kingefanywa majlisi ya wageni. Mama amefanya kazi miaka yote, akasema, sasa apumzike, watu wanamwona mtu mzima kama yeye anashona kofia za wenzake wakati mwanawe ana gari mbili uani.

Shangazi alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti chake mbele ya mashine iliyozimwa, mikono mapajani. Sijapata kumwona mikono yake haina kitu.

"Umekuja, baba," akaniambia. "Nna kofia za watu wa Qurayyat hapa. Bwana harusi na ndugu zake. Wanakuja kuzichukua Ijumaa."

"Zitashonwa, shangazi."

"Sikiliza kwanza. Mimi na huyu nduguyo tushapatana. Mashine ikikubali kabla ya yule mtu wa Barka hajafika, khalas, chumba changu na haniambii kitu tena. Isipokubali, achukue. Nimetoa neno langu na silirudishi." Kisha akashusha sauti. "Lakini nikitoka humu n'kakae wapi? Sebuleni, nitazamane na televisheni mpaka nife?"

Nikavua kanzu, nikabaki na fulana na kikoi, nikatoa bisibisi.

Kadi niliichomoa, nikaisafisha kwa spiriti na mswaki laini, nikaikausha kwa feni, nikairudisha. Nilipowasha kompyuta nilifungua lile dirisha jeusi ambalo ndani yake Linux hukuandikia kila inachokiona inapoamka. Watu huliogopa dirisha hili. Mimi hulipenda, kwa sababu halisemi uongo na halikusifu. Nikashuka na mistari mpaka nilipoona jina la kadi. Ilikuwa imeonekana. Na chini yake, mstari uliosema kwamba dereva wake amepatikana na amepakiwa.

"Dereva yupo," nikasema.

"Dereva gani?" akauliza shangazi. "Wetu kaenda kuchukua watoto skuli."

"Siye huyo. Kila kifaa ndani ya kompyuta kina kiprogramu kinachojua kukiendesha, ndicho tunachokiita dereva. Kadi hii haijatengenezwa tangu sijahamia nchi hii, shangazi, na dereva wake bado yumo ndani ya mfumo mpya kabisa."

"Na huyo dereva analipwa na nani?"

Alikuwa ameuliza swali zuri kuliko wateja wangu wengi. Halipwi na mtu. Mtu fulani, katika nchi nisiyoijua, aliandika maagizo ya kadi hii kwa sababu alikuwa nayo mezani. Baadaye mfumo ulibadilika, mwingine akayarekebisha. Ukabadilika tena, mwingine tena. Miaka imepita, kadi zenyewe zimeishia kwenye majalala, na watu wale wameendelea kuyabeba maagizo yale mbele, toleo hadi toleo, huenda kwa sababu tu mahali fulani yupo mwenye kuihitaji. Aliyekuwa mahali fulani ni shangazi yangu, Mabela, kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Hawakumjua. Walimwekea.

"Hakuna anayemlipa," nikasema.

"Basi Mungu awalipe," akasema, akarekebisha mtandio wake.

Lakini mstari uliofuata haukuwa mzuri. Linux ilikuwa ikilalamika kwamba namba ya kadi si halali. Nikaiuliza kadi namba yake, ikanijibu sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Maji hayakuwa yameua chombo. Yalikuwa yamefuta kipande kidogo, kidogo kuliko ukucha, kinachohifadhi namba ambayo kadi ilipewa kiwandani. Kadi ilikuwa hai, ina akili timamu, iko tayari kufanya kazi. Ila haikujua tena ni nani.

Nimeona kadi zikifa kwa namna zote. Ile sikuwahi kuiona. Nilikaa sakafuni nikaitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyeamka akauliza yuko wapi.

Na hapo ndipo diploma inapomtofautisha mtu na mtu. Mwingine angesema basi. Mimi nilijua kwamba kwenye Linux unaweza kuiambia kadi namba yake, kwa mkono, kwa amri ya mstari mmoja, nayo itakuamini na kuitumia kama iliyozaliwa nayo. Nilichohitaji ni namba yenyewe. Nayo ilikuwa imechapwa kwenye kibandiko mgongoni mwa kadi, kwa maandishi madogo kama mbegu za ufuta, na wino ulikuwa umefutika nusu. Niliichomoa tena nikapiga picha kwa simu, ukatoka mng'ao mtupu. Nilitazama kwa macho, nikaona ukungu.

"Lete," akasema shangazi.

Akaiweka chini ya taa ya mashine, akashika ile lenzi anayokagulia mishono, akaigeuza kadi hivi na vile hadi mwanga ukaingia kwa ubavu. Pale wino ulipofutika, herufi zilikuwa zimeacha kovu kwenye karatasi.

"Andika," akasema. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kibodi. "Sifuri sifuri."

"Sifuri sifuri."

"Sifuri tena, na E ya embe. Kisha nne, na hii kama mwezi mchanga."

"Mwezi unatazama wapi?"

"Kulia."

"Hiyo C. Endelea."

"Khamsa wa thalathini."

"Ndiyo."

"B. Ama P?"

"P haimo kwenye namba hizi, shangazi, herufi zake huishia F. Ni B."

"Nyinyi watu wa kompyuta P imewakosea nini? B na nane. Na ya mwisho F ya fenesi, na moja."

Nikamwomba arudie yote, kwa sababu mimi ni mtu makini. Akarudia neno kwa neno, na kwa kila alichosema niliweka kidole kwenye kioo, na vyote vilikuwapo. Nikairudisha kadi mahali pake. Nikabonyeza. Kadi ikapokea namba yake bila neno. Nikachomeka waya, na nyuma ya kompyuta, ndani ya lile tundu lenye vumbi, taa ya kijani ikawaka.

Nikapeleka mchoro. Mashine ikakataa.

Nikabadili waya. Ikakataa. Nikazima vyote nikawasha upya, nikaandika namba upya, nikapunguza kasi ya kadi iende taratibu kama mashine yenyewe ilivyozoea. Ikakataa, kwa kile kimlio chake kifupi cha kukereka. Adhana ya magharibi ilipopita binamu yangu alichungulia mlangoni, ameshika kikombe.

"Imesema nini maiti?"

"Imesema inakusalimu."

"Nami iambie nimepima chumba. Kinaingia mito ya kuta tatu, na televisheni huku."

Shangazi hakugeuka. Alikuwa anazikunja kofia zilizokatwa tayari, duara na ukanda, duara na ukanda, anazipanga ndani ya sanduku kana kwamba zinasafiri. Nilimwambia nitarudi asubuhi mapema. Akasema inshallah, kwa ile sauti ambayo watu wetu huitumia wanapotaka kukuruhusu ushindwe kwa heshima.

Sikuwa mtu wa kushindwa kwa heshima. Alkhamisi jua halijapanda nilikuwa tena sakafuni Mabela, na nikakagua kila kitu ninachokijua, na ninajua mengi. Mtandao ulikuwa mzima. Kadi ilikuwa ikituma. Mashine ilikuwa ikisikia, kisha ikisema hapana, kama bawabu anayekutazama usoni akasema jina lako halimo kwenye orodha. Nikamwambia shangazi huenda kibandiko si cha kadi ile, huenda yule muuzaji alikibandika tu. Sikuwa naamini ninachokisema, na yeye aliona.

Binamu yangu akaja tena, safari hii amevaa kanzu ya kazini na kilemba. "Yule bwana kashatoka Barka," akasema, na nadiriki kusema hakulifurahia. "Mama, mimi sikukusudia ubaya."

"Najua, mwanangu. Kanywe chai."

Simu ya shangazi ikalia. Alikuwa mama wa bwana harusi, kutoka Qurayyat. Shangazi alizungumza naye kwa Kiarabu kidogo na Kiswahili kingi, akauliza hali za wote mmoja mmoja, kana kwamba hakuna pikapu njiani. Yule mama alitaka kofia moja zaidi, ya mjomba aliyekuja ghafla kutoka safari.

"Kichwa chake saizi gani?" akauliza shangazi, akachukua chaki na kipande cha kitambaa. "Ngapi? Sita wa khamsini. Haya, bibi. Sita wa khamsini."

Nilikuwa namtazama mkono bila sababu yoyote. Aliandika sita kwanza. Akaacha nafasi kushoto kwake, kisha akarudi nyuma na kuandika tano kwenye ile nafasi. Hamsini na sita.

Wazee wetu huhesabu hivyo, na mimi nimekua nikiwasikia: kidogo mbele, kikubwa nyuma, kama Waarabu. Sita wa khamsini ni hamsini na sita. Sokoni nisingekosea hata siku moja. Lakini pale kwenye kibodi mkono wangu ulikuwa ukikimbia mbele ya maneno. Shangazi aliposema khamsa, kidole changu kilishagonga tano, na aliposema thalathini, kikagonga tatu. Yeye alisoma thelathini na tano. Mimi niliandika hamsini na tatu. Na aliporudia, akarudia vile vile, na mimi nikahakikisha vile vile, kidole kwenye kioo, tano, tatu, sawa kabisa. Sehemu nyingine zote zilikuwa na herufi ndani yake au sifuri tupu, akazisoma moja moja. Ni pale pekee palipokuwa na tarakimu mbili zinazofanya namba, na namba shangazi yangu huihesabu.

Si kila mtu angeliona. Nasema kweli. Lazima uwe umesomea kompyuta, na lazima uwe umelelewa na wanawake waliopima kanga na vitenge kwa hesabu ile. Moja bila jingine, pikapu ingeondoka na mashine.

Nikaandika amri upya. Tatu, tano. Nikabonyeza.

Kwanza palikuwa kimya. Halafu mashine ikatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake siku zote zile mbili, mrefu, wa chini, na kioo chake kidogo kikaonyesha ua. Sindano zikashuka kidogo zikasimama, kama watu wanaonyoosha safu kabla ya takbira. Shangazi alikuwa bado na simu sikioni. Akamwambia yule mama, "Ngoja, bibi," akaiweka simu mezani bila kuikata, akaingiza kitambaa, akabonyeza.

Nimesema mimi si mtu wa kubabaishwa. Lakini nilisimama pale na fulana yangu iliyojaa vumbi, nikasahau hata kuweka bisibisi chini. Kile kitu kilichokuwa kimesahau jina lake kilikuwa kimeambiwa jina lake kwa hesabu ya wazee wa Unguja, kikaliitikia. Maagizo ya watu nisiowajua yaliibeba sauti yake hadi kwenye waya. Waya ukaipeleka kwa chuma, na chuma kikamtambua mwenziwe baada ya siku mbili za kumfukuza mlangoni. Na kutoka kwenye hayo yote, mbele ya macho yangu, petali moja nyeupe ilikuwa ikijichora, uzi juu ya uzi, halafu ya pili, halafu kijishina chake kilichopinda upande mmoja kama shangazi anavyopenda kukipinda. Sindano zote kwa pamoja, maua yote yale yale kwa pamoja. Nilikuwa nimeiona mashine ile ikifanya hivyo mara nyingi. Siku ile ndiyo niliyoiona.

"Allo?" ilikuwa ikisema simu mezani. "Bibi? Ni kelele gani hizo?"

"Ndizo kofia zako," shangazi akaijibu kwa mbali.

Binamu yangu alikuja mbio na kikombe mkononi, akasimama kwenye kizingiti. Hakusema habari ya hitma. Aliangalia sindano, akamwangalia mama yake aliyekuwa ameinama na lenzi juu ya petali ya kwanza, mgongo mwepesi kama wa msichana. Nje honi ya gari ikapigwa mara moja, kwa adabu.

"Ni yule wa Barka," akasema.

"Mkaribishe kahawa na halua," akasema shangazi bila kuinua kichwa. "Katoka mbali, maskini. Mwambie neno langu limesimama, na la mwanangu pia."

Akaenda. Tulimsikia langoni akiomba radhi, sauti ya wizarani imemtoka kabisa, na yule bwana akicheka, akisema hapana neno, hapana neno. Waliporudi walikuwa wawili. Mtu wa Barka aliingia viatu mkononi, akasimama mbele ya mashine, mikono nyuma, akaitazama ikishona kwa muda mrefu. Amenunua nyingi kama ile, alituambia, na hajawahi kuiona hata moja ikiwa inatembea. Akauliza nani kaitengeneza. Sikumwacha asubiri jibu.

Shangazi alisimamisha mashine abadilishe kitambaa. "Uzi unakaribia kwisha," akasema, kwa chumba kizima, si kwa mtu.

Binamu yangu alivua ile saa yake akaitia mfukoni, akakunja mikono ya kanzu, akauliza uzi mweupe unawekwa wapi.